Gia ya Kamshafti ya Kurekebisha: Tuinunue au Tuiache?



Wasomaji wapenzi, juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu cha chuma chenye meno, upana wake kama kisahani cha chai, ambacho vijana wetu siku hizi hukizungusha mikononi barazani kama mtu aliyenunua saa mpya. Rangi yake ni nyekundu au buluu, nacho hung'aa sana. Jina lake ni gia ya kamshafti ya kurekebisha. Wauzaji husema kwamba motokaa ikifungwa gia hiyo itapata nguvu. Hapa Kilole nimeulizwa habari yake mara mbili tangu Pasaka, na wote wawili walioniuliza wana motokaa za kubebea abiria na mizigo, wala si za mashindano. Basi nitajibu hapa, kwa kuwa najua huko Handeni, Mombo na Muheza wako wengi wenye swali hilohilo.

Kwanza tujue kazi yake. Ndani ya kila silinda ya injini imo pistoni, ipandayo na kushuka. Juu yake iko milango midogo iitwayo valvu. Mingine huingiza hewa na petroli, mingine hutoa moshi. Milango hiyo haijifungui yenyewe. Husukumwa na mhimili wenye nundu, nao ndio kamshafti. Chini uko mhimili mwingine, krenki, ambao pistoni zote zimeshikana nao, na huo ndio upelekao nguvu kwenye magurudumu. Baina ya mihimili hiyo miwili umepitishwa mkanda wa mpira wenye meno, au cheni, ili iende pamoja bila kuachana. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Kwa sababu hiyo gia ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini: ya juu ikiwa na 40, ya chini ina 20.

Sasa fikiri kanisa lenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, siku ya Jumapili yenye misa mbili. Watu wa misa ya kwanza wanatoka, wa misa ya pili wanaingia. Mlango wa kuingilia ukifunguliwa mapema mno, watu watakutana na kusukumana. Ukifungwa mapema mno, wengine watabaki nje. Ukiachwa wazi mno, walioingia watatoka tena. Mzee wa kanisa mwenye kushika ufunguo ndiye anayeamua kama ibada itakwenda vizuri, ingawa yeye hasomi misa. Kamshafti ni mzee huyo wa ufunguo.

Kiwandani fundi huweka alama kwenye gia ya juu na ya chini, ili anayefunga mkanda azilinganishe. Lakini mkanda huweza kusogezwa kwa jino zima tu, wala si kwa nusu jino. Gia yenye meno 40, kila jino ni digrii 9 za kamshafti. Na kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili, hizo ni digrii 18 za krenki. Hilo ni kosa kubwa sana kwa injini. Atakaye kusogeza digrii 2 au 3 hawezi kuzipata kwa mkanda. Hapo ndipo ilipobuniwa gia ya kurekebisha. Imetengenezwa kwa vipande viwili: cha ndani hufungwa kwenye kamshafti, cha nje kina meno ya mkanda. Baina yao ziko boliti zilizopita katika matundu marefu. Ukizilegeza, kipande kimoja hugeuka kidogo juu ya kingine, halafu unazikaza tena. Pembeni ziko alama za digrii. Angalia vema kama digrii hizo ni za kamshafti au za krenki, maana moja ya kamshafti ni mbili za krenki, na hapo mafundi wengi hujikwaa.

Je, nguvu huongezeka? Huhama. Ukiwahisha kamshafti, valvu ya hewa hufungwa mapema, na hewa iliyokwisha kuingia hairudishwi nje pistoni inapopanda. Injini huvuta vizuri zaidi ikizunguka polepole, lakini hukosa pumzi ikienda mbio. Ukiichelewesha, hewa iliyo katika mwendo mkali huendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikianza kupanda. Injini hupata nguvu kwenye mbio, nayo hulegea mwanzoni. Unachokipata huku unakilipia kule. Muuzaji hukuambia habari ya huku tu.

Gia hizi zimetoka kwa watu wa mashindano. Wao hutoa kamshafti ya kiwandani na kutia nyingine yenye nundu ndefu zaidi, kisha sharti watafute mahali pake hasa, na bila gia ya kurekebisha hawapapati. Huku kwetu Afrika ya Mashariki mashindano hayo ni ya siku nyingi. Safari ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 2021 imerudi katika orodha ya mashindano ya dunia, ikikimbiwa Kenya. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya aliishinda pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Wakubwa wetu wa zamani wangali wakilitaja jina lake. Motokaa kuukuu, lakini ilitengenezwa kwa uangalifu na mtu aliyeijua. Lakini dereva wa mashindano anataka injini izunguke mara 7,000 kwa dakika, naye anaifungua kila baada ya mbio. Baba mwenye Noah apandaye Mombo kwenda Soni na Lushoto, ana abiria na magunia, huenda asipite mizunguko 3,000, na injini yake anataka idumu miaka kumi.

Iko sababu moja ambayo yaweza kumfanya mtu wa kawaida aihitaji gia hii, nayo ni ya kweli hasa katika milima yetu. Rejeta ikikauka katika mwinuko, injini huchemka, na kichwa cha silinda hupinda. Fundi hukipeleka kusagwa kwa mashine kiwe bapa tena. Kila kinaposagwa, kamshafti husogea karibu na krenki, na upande wa mkanda unaovuta huwa mfupi. Hivyo kamshafti huchelewa kidogo kuliko ilivyopangwa. Kusagwa mara moja, tena kidogo, hakuna neno. Kichwa kilichosagwa mara ya pili na ya tatu huweza kuifanya injini iwe nzito kupanda, hata alama zikiwa sawasawa. Hapo fundi mwenye vipimo aweza kukushauri gia ya kurekebisha, ili kurudisha kamshafti mahali pake pa kiwandani. Pengine gasketi nene zaidi yatosha, na bei yake ni ndogo.

Lakini mara nyingi ugonjwa ni mwingine. Iko jamaa moja, ndugu sita, waliochanga fedha ya mahindi na ya ng'ombe wawili wakanunua Noah ya zamani yenye injini 3S-FE. Baada ya kubadilishiwa pampu ya maji katika gereji moja, motokaa ikawa haina nguvu, tena inakunywa petroli. Wakaambiwa dawa ni gia ya kurekebisha, na bei iliyotajwa ilikuwa karibu sawa na mapato yao ya mwezi mzima. Mdogo wao mmoja, msichana aliyesoma ufundi, akaomba afungue kifuniko kwanza. Mkanda ulikuwa umeruka jino moja wakati wa kufungwa. Akaurudisha, ikawa imekwisha. Amri ya saba inasema usiibe, nami naona kumwuzia mtu kitu asichokihitaji, hali wewe unajua, kunaingia humo barabara. Anayeuza bila kujua, hilo ni jambo jingine. Lakini naye afadhali ajifunze.

Basi kabla hujatoa fedha, mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda, atazame mkanda na beringi inayoukaza, alinganishe alama, asafishe chujio la hewa, atazame plagi. Hayo yote kwa pamoja aghalabu ni rahisi kuliko gia moja yenye rangi.

Tena si kila injini inaikubali. Injini nyingi za Toyota za siku za karibuni, zenye maandishi VVT-i, hurekebisha zenyewe kamshafti ya hewa kwa msukumo wa oili wakati motokaa inakwenda. Ukitaka zifanye kazi, badili oili kwa wakati, basi. Injini za dizeli kama 3L ya Hiace na 1HZ ya Land Cruiser, ambazo misheni na hospitali nyingi zinazitumia, mkanda wao huzungusha na pampu ya dizeli pia, nao hawahitaji mchezo huu. Katika 4A-FE na 3S-FE mkanda huzungusha kamshafti moja tu, nayo huizungusha ya pili kwa gia ndogo zilizo ndani. Kwa hiyo gia moja ya kurekebisha huzisogeza zote mbili pamoja. Akuambiaye atawahisha ya hewa na kuiacha ya moshi mahali pake, hajaifungua injini hiyo. Ni 4A-GE, dada yake wa mashindano, yenye gia mbili nje. Na bodaboda zile za aina ya CG hazina mkanda kabisa. Kamshafti yake iko chini na husukuma valvu kwa fimbo.

Ikiwa umepimiwa na imeonekana kweli unaihitaji, chagua kwa jicho kali. Peleka dukani gia ya zamani, uhesabu meno, upime upana wa mkanda na kutazama umbo la jino, maana yako ya mviringo na yako ya mraba, na mkanda wa moja juu ya jingine huliwa upesi. Namba ya injini uisome kwenye injini yenyewe, si kwenye kadi ya motokaa, kwa kuwa motokaa nyingi za mtumba zimebadilishwa injini. Tazama boliti: ziwe za chuma kigumu, zisiwe mbili tu. Alama zichongwe, zisiwe za rangi ya kupakwa. Ukishika vipande viwili na kuvitikisa baada ya kukaza, visicheze hata chembe. Rangi usiijali.

Hapa pa boliti nataka tukae kidogo. Boliti za gia hii zikilegea, kamshafti huweza kuponyoka mahali pake na injini huweza kuzimika palepale. Ikizimika uwanjani Manundu, utacheka. Ikizimika unaposhuka kutoka Soni ukiwa na watu kumi, usukani utakuwa mzito ghafula, na breki zitapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Tena katika injini nyingi valvu zitagongana na pistoni na kupinda. 4A-FE ni moja ya zile zinazosalimika. Kwa hiyo zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, si kwa nguvu za mkono wa fundi na kipande cha bomba. Baada ya safari za kwanza zitazamwe tena.

Fundi asiwashe injini mara baada ya kufunga. Kwanza aizungushe krenki kwa mkono, mizunguko miwili kamili, polepole, mpaka alama zirudi mahali pake. Ikigota asilazimishe, pana kitu kinagusana. Asogeze digrii moja moja, kisha mwende mkaijaribu kwenye mwinuko uleule, kwa mzigo uleule. Tena katika injini zile ambazo disitributa yake huzungushwa na kamshafti, ukisogeza gia umesogeza na moto wa plagi. Lazima upimwe upya, la sivyo utasifu au kulaumu gia kwa kosa la moto.

Padre hubariki motokaa, na wengi wetu tumetundika medali ya Mtakatifu Kristofa kwenye kioo. Ni vema. Mkanda nao una siku zake. Katika 3L na 1HZ iko taa kwenye dashibodi yenye maandishi T-BELT, nayo huwaka kilometa 100,000 zinapotimia. Mimi karani ndimi nishikaye daftari la motokaa ya parokia, na nimeona kwamba taa hiyo haitoshi, kwa kuwa motokaa ya mtumba huenda ilizimwa taa bila mkanda kubadilishwa. Ukinunua motokaa ya namna hiyo nawe huna karatasi ya ushahidi, hesabu kwamba mkanda umekwisha, ubadili pamoja na beringi yake. Halafu andika tarehe na kilometa kwenye kipande cha karatasi, ukigandishe juu ya kifuniko cha mkanda ambapo fundi atakiona, na nakala iwekwe nyumbani kwa mama, katika kasha la vyeti vya ubatizo.