Neno la Mhariri: Mlango Ulifungwa, Wageni Wakabaki

Uchumi ukiyumba, mhamiaji ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Husemwa kwamba anakula kazi za wenyeji, na kwamba serikali ikibana vya kutosha atafungasha virago. Toleo hili linapinga imani hiyo. Naanza na Ujerumani Magharibi, maana huko ilijaribiwa na nchi nzima.

Septemba 10, 1964, seremala wa Kireno, Armando Rodrigues de Sá, alishuka kwenye treni katika stesheni ya Köln-Deutz akapokewa kwa muziki, maua na pikipiki ndogo ya Zündapp. Alikuwa ametangazwa mfanyakazi mgeni wa milioni moja. Viwanda vilikuwa na uhaba wa watu, na mikataba ilikwisha kusainiwa na Italia mwaka 1955 na Uturuki mwaka 1961. Wengi walilazwa mabwenini, kwa matarajio kwamba siku moja watarudi kwao.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapaa. Novemba 23 serikali ikasitisha kuajiri wageni kutoka nje, ikitumaini idadi yao ingeshuka. Lakini kabla ya hapo Mturuki aliweza kwenda kwao na kurejea kazi ikipatikana. Sasa akiondoka, ameondoka moja kwa moja. Basi wengi wakakaa, wakawaita wake na watoto. Mwaka 1975 watoto walioachwa nyumbani wakapunguziwa posho, na wazazi wakapata sababu nyingine ya kuwaleta. Wageni wenye ajira walipungua, lakini kufikia 1980 wageni wote kwa jumla walikuwa wengi kuliko mwaka 1973.

Kosa kubwa lilikuwa jinsi walivyopokewa hao waliofuata. Wahenga walituusia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mke aliyefika baada ya Novemba 1974 alinyimwa jembe kwa amri ya serikali, kwani hakupewa kibali cha kazi. Mumewe angalau alijifunza Kijerumani cha kiwandani, akajua wenzake, akaingia chama cha wafanyakazi. Yeye alibaki ndani ya nyumba, na barua ya shule ikija ilibidi mtoto amsomee. Mafunzo ya lugha na uenyeji yaliyowekwa kisheria kwa nchi nzima yalianza 2005. Watoto wa wageni nao hawakupata uraia kwa kuzaliwa huko hadi sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2000.

Siyapuuzi machungu ya wenyeji. Mwaka 1975 wasio na kazi Ujerumani Magharibi walipita milioni moja, na aliyepoteza mshahara ana haki ya kudai majibu. Ila jibu alilopewa halikumfaa. Jirani aliyezuiwa kufanya kazi hakuondoka. Alibaki palepale, akiwa tegemezi na bila lugha, na pengo kati yao likarithiwa na watoto wa pande zote mbili.

Mdororo hupita, lakini miaka ambayo mtu amewekwa pembeni hairudi. Ndiyo maana tunasema wazi: bajeti ikibana, darasa la lugha na kibali cha kazi viwe vya mwisho kuguswa. Nchi inayoviondoa wakati wa shida haimpunguzi mgeni hata mmoja aliyekwisha kuamua kukaa. Inaahirisha tu siku yake ya kuwa mwenyeji, na gharama ya kuchelewa huko hulipwa na wote.