Utamaduni Usioguswa Haupo, Hata Rungwe

Utalii wa utamaduni huuzwa kwa ahadi moja: mgeni atapelekwa mahali pa mbali, kwenye milima na ukungu, akaone watu ambao dunia haijawagusa. Bhutan, ufalme wa Kibudha ulio Himalaya kati ya India na China, ndiyo hutajwa kwanza. Safari za kuongozwa za huko hunadiwa kwa picha za watawa, nyumba za ibada zilizong'ang'ania majabali na wacheza ngoma waliovaa vinyago. Ahadi hiyo imezaa imani ambayo sasa imeota mizizi mpaka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kwamba utamaduni halisi ni ule uliojitenga, na kwamba palipopita lami, kanisa na shule hapana tena cha kuonyesha. Kwa kipimo hicho wilaya ya Rungwe huhesabiwa kuwa ina mandhari lakini haina utamaduni. Mgeni hupandishwa Ziwa Ngosi, ziwa la volkano, hupigwa picha kwenye Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba, kisha hurudishwa Mbeya kabla jua halijazama. Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia gharama ni wenyeji.

Bhutan yenyewe haiithibitishi. Ilianza kupokea watalii mwaka 1974, ikaruhusu televisheni na intaneti mwaka 1999, na ikafanya uchaguzi wake wa kwanza wa wabunge mwaka 2008. Hekalu la Taktsang, lile linaloonekana karibu kila tangazo la nchi hiyo, lilijengwa mwaka 1692, lakini liliungua mwaka 1998 na kujengwa upya, hivyo sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni hupanda mlima kukiona ni kazi ya mafundi wa juzi. Chakula kinachotambulisha taifa hilo ni pilipili iliyopikwa kwa jibini, na pilipili asili yake ni bara la Amerika. Hakuna Mbhutani anayeona kwamba chakula chake kimepungua Ubhutani kwa sababu hiyo. Kilichoifanikisha nchi hiyo kwenye utalii ni utaratibu: kwa miaka mingi mgeni hakuingia bila wakala na mwongozaji mwenye leseni, na hutozwa ada ya kila siku, iliyopandishwa hadi dola 200 mwaka 2022 na kupunguzwa hadi dola 100 mwaka uliofuata. Wanaotamani kuiga Bhutan huiga ukungu, huuacha utaratibu.

Tukirudi Rungwe, habari za kujitenga huanguka mapema zaidi. Masimulizi ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, yanasema ukoo wa machifu ulishuka kutoka milima ya Ukinga, upande wa mashariki, ukiwa umebeba moto na kuleta ng'ombe kwa watu waliowakuta bondeni. Yaani hata hadithi ya asili, ile ambayo mwongozaji angepaswa kuanza nayo, ni hadithi ya wageni waliokuja na vitu vipya. Wala hapakuwa na ufalme mmoja wa kuficha milimani. Palikuwa na himaya ndogo ndogo nyingi, kila moja na chifu wake, na kuhani mkuu aliyeitwa Lwembe, wa Lubaga, ambaye heshima yake ilivuka mipaka ya himaya hizo. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipopita mwaka 1879 aliisifia nchi hiyo kwa migomba yake, usafi wake na nyumba zake za mianzi mpaka ikaonekana kama pepo ya washairi. Migomba aliyoisifia ilikuwa imetoka Asia ya Kusini-Mashariki, vizazi vingi nyuma.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika mwaka 1891, Wamoravian wakiweka kituo chao chini ya Mlima Rungwe. Wajerumani walihamisha makao yao ya utawala kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa na kuyapandisha mlimani, wakayaita Neu Langenburg. Ndiyo Tukuyu ya leo. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotokea Nyasaland, Malawi ya leo, yaliuchukua mji huo. Chai ilipandwa Rungwe tangu mwaka 1904, kahawa ikaenea kwa wakulima wadogo, na vijana wakaanza kutoka: kwanza kwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, kisha kusini kabisa, kwenye migodi ya Afrika Kusini, mpaka uhuru ulipofunga mlango wa uandikishaji huo. Katika familia nyingi za Rungwe yupo babu aliyekwenda migodini akarudi na baiskeli, koti zito na maneno ya Kizulu. Huyo babu ni utamaduni wa Rungwe sawasawa na kuhani wa Lubaga, lakini hakuna ratiba ya utalii inayomtaja.

Watetezi wa utamaduni usioguswa hupenda kuegemea vitabu vya mwanaanthropolojia Monica Wilson. Yeye na mumewe Godfrey waliishi kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakaeleza vijiji vya rika: wavulana wa umri wa miaka kumi hivi, wachungaji wa ng'ombe za baba zao, walijenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko, wakawa wanazunguka kwa makundi kula kwa mama zao, na kijiji hicho kikakua nao mpaka wakaoa. Baada ya kizazi kimoja ilifanyika sherehe kubwa ya makabidhiano, wazee wakaachia vijana ardhi na madaraka. Ni mpango wa maisha wa ajabu, na mgeni yeyote angetamani kuuona. Ila hata wakati Wilson anaandika, tayari Wakristo na wasio Wakristo walikuwa wakiishi jirani, wanaume wengi walikuwa migodini, na msaidizi wa watafiti hao, Leonard Mwaisumo, alikuwa Mnyakyusa msomi. Kitabu cha mwisho cha Wilson kuhusu Wanyakyusa, kilichotoka mwaka 1977, kinahusu mabadiliko ya uhusiano kati ya vizazi, na kati ya wanaume na wanawake, kuanzia mwaka 1875 hadi 1971. Anayekichukua kama picha ya watu wasiobadilika hajakifungua.

Vijiji vya rika havikufa kwa sababu watu walisahau mila. Ardhi ilibana. Mti wa kahawa hudumu miaka mingi, na mtu aliyeupanda hawezi kuuachia kirahisi kwa sababu tu rika jipya limekuja. Mshahara nao ulimpa kijana namna nyingine ya kupata ng'ombe za mahari bila kumsubiri baba. Kujenga leo vibanda vya mianzi ili mgeni aone "kijiji cha rika" kutakuwa maigizo. Kumpeleka kwenye shamba la kahawa, akaelezwa pale pale kwa nini mti huo ulivunja mpango wa vizazi, hilo ni somo la utamaduni, na halihitaji hata kibanda kimoja.

Mfano mkali zaidi ni wa kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa uhifadhi waliokuwa wakifanya kazi kwenye misitu ya Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Walisita kuamini, kwa kuwa masimulizi ya msituni huchanganya wanyama waliopo na wa kufikirika. Walipomwona, dunia ya sayansi ilishtuka: alitangazwa rasmi mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*, jenasi mpya ya kwanza ya nyani kutangazwa Afrika baada ya miaka 83. Magazeti yakaandika kwamba amegunduliwa. Wawindaji walikuwa na jina lake, wakijua anakokaa na anavyolia. Huo ndio utamaduni, maarifa yanayofanya kazi, na leo unaweza kutembelea hifadhi ya msitu huo pamoja na mtu aliyeyarithi. Mwongozaji anayepandisha wageni mlima wa mita 2,960 akitaja urefu tu anawanyima kitu bora alichonacho.

Lipo dai jingine, na hili husemwa na wenyeji wenyewe, wengine wakiwa wazee wa kanisa: kwamba Ukristo ulimaliza mila. Misiba ya Wanyakyusa inalikanusha. Mtu anapofariki, wanawake hulala msibani kwa siku kadhaa, ndugu hupanda basi kutoka Dar es Salaam, ng'ombe huchinjwa, na mchungaji husoma ibada mbele ya umati ambao wakati wa Wilson ungekusanywa na ngoma. Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kupeleka watalii matangani. Msiba si onyesho, na mwongozaji atakayeuza nafasi hiyo anastahili kunyang'anywa kibali. Ila Jumapili katika kanisa la Moravian Rungwe, penye kwaya na tarumbeta, mgeni mwenye adabu hafukuzwi, na ataona zaidi ya miaka 130 ya historia ikiwa hai kuliko kwenye ngoma ya dakika kumi iliyokodiwa hotelini.

Hata chai, ambayo wengi huiona kuwa jambo la kampuni na mzani, ina desturi zake. Mchumaji huingia shambani umande haujakauka, kikapu mgongoni, plastiki imefungwa kiunoni kuzuia unyevu, na vidole hukata majani mawili na kichipukizi chao, si zaidi, kwa sababu jani gumu hushusha daraja. Kikapu hakishindiliwi, majani yakibanwa huanza kupata joto na kuharibika. Ni lazima yafike kituo cha kukusanyia, yapimwe, yaondoke kwenda kiwandani siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mvua inayokata barabara ya kijijini Katumba au Mwakaleli ni msiba wa kiuchumi, na Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ratiba ya ndoa, ya ada za shule na ya vikao vya ukoo hufuata malipo ya chai. Mgeni akikaa nusu siku na mchumaji mmoja, akala naye ndizi kwa maharage, atajifunza Rungwe kuliko kwa kutazama maporomoko matatu.

Madhara ya imani hii ni ya fedha. Programu ya utalii wa utamaduni nchini ilianza katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, kisha ikabaki chini ya Bodi ya Utalii Tanzania. Shabaha yake ilikuwa kwamba mgeni alale, ale na aongozwe na watu wa kijiji, ili fedha ibaki kijijini. Wilaya inayoambiwa haina utamaduni huishia kuuza kiingilio cha mandhari. Ziwa la volkano halidai ujira, na Kijungu, shimo la miamba la Mto Kiwira, hakipiki. Mama anayejua aina za ndizi, ipi ya kupika, ipi ya kuiva, ipi ya kusafirishwa Dar es Salaam kwa lori, halipwi chochote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa anachokijua ni bidhaa. Naye mzee wa Masoko, kando ya ziwa la jina hilo, anayeweza kusimulia habari za boma la Wajerumani na hadithi ya hazina inayosemekana ilitupwa ziwani vita ilipowafikia, huambulia soda.

Wakala hujitetea kwamba wageni ndio wanataka visivyoguswa. Baadhi wanataka, kweli. Lakini wateja huzoeshwa na tangazo, na tangazo huandikwa na wakala. Aidha mgeni si Mzungu peke yake. Mwalimu wa Dodoma, mfanyabiashara wa Lusaka na familia ya Dar es Salaam yenye jina la Kinyakyusa linaloanza na Mwa- lakini watoto wasiojua kusema hata *ndaga*, yaani asante, kwa bibi yao, hao ni soko lililo jirani, na hawakuja kutafuta watu wa kale.

Halmashauri mbili za wilaya hii, ya Rungwe na ya Busokelo, zinaweza kuanza bila kumsubiri mfadhili: kusajili waongozaji wa vijiji, kubandika bei zinazojulikana, na kudai kwamba kila safari ya siku nzima iwe na saa kadhaa za mwenyeji anayelipwa kwa maarifa yake. Msomaji naye ana sehemu yake. Kutoka Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, barabara ya lami hufika Tukuyu ndani ya saa mbili, basi dogo hupatikana mchana kutwa. Achukue mwongozaji wa pale pale, wakubaliane bei kabla ya kuondoka, na abebe koti la mvua.