Laptopu Yako Haijafa, Wacha Kudanganywa

Wasee, kuna uongo unauzwa hapa mjini, na bei yake ni sawa na bei ya laptopu nyingine.

Uongo wenyewe ni huu: "Mashine yako ni ya zamani, haiwezi Windows 11, tafuta ingine." Unaambiwa hivyo na fundi. Unaambiwa na binamu yako anayejifanya anajua kompyuta. Hata mashine yenyewe inakutolea tangazo kwenye skrini. Sasa umeanza kupanga vile utamwingia mathe akuongezee pesa. Subiri kwanza.

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika siku hiyo. Ilichokosa ni marekebisho ya usalama ya bure, yaani ufa ukigunduliwa, hakuna anayekuja kuuziba. Basi si uhamie tu Windows 11? Hapo ndipo mchezo uko. Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukitoa chache sana.

Sasa angalia zile ex-UK ambazo wanafunzi wengi hununua. Chukua HP EliteBook 840 G3. Prosesa yake ni ya kizazi cha 6. Keibodi bado tamu, SSD inakimbia, RAM 8GB. Inaandika ripoti, inacheza filamu, inafungua tabo ishirini bila kulia. Haijashindwa na kazi. Imekosekana tu kwenye orodha ya watu fulani huko Marekani.

Microsoft wanasema ni mambo ya usalama. Sawa, TPM inasaidia kweli kulinda funguo za siri za mashine. Lakini niambie, ni usalama gani huo unaomwacha mwenye EliteBook na mfumo usiozibwa nyufa?

Na usidhani masharti yao yaliandikwa kwenye jiwe. Walitoa mwaka mmoja wa nyongeza hadi Oktoba 2026: ulipe dola 30, au uhifadhi mipangilio yako kwenye wingu lao, au utumie pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Mashirika ya kutetea wateja kule Ulaya yakapiga kelele. Watu wa huko wakapewa bure, wakabakishiwa tu kuingia na akaunti ya Microsoft. Sisi tulinyamaza, na masharti yetu yakabaki vile vile. Mteja anayejua ana haki ya kukataa huongeleshwa tofauti.

Najua kuna mtu hapa anacheka: "Mimi sijawahi kulipia Windows maisha yangu yote." Ndio, wewe ndiwe nakutafuta. Windows yako iliwekwa na flashi ya fundi, ikaamshwa na kaprogramu ambako hakuna mtu anajua kalitoka wapi. Kitu cha kwanza kalichoomba ni uzime antivirusi. Fikiria hiyo kidogo. Mgeni anakuja kwako usiku, anakuambia umfunge mbwa kwanza, na wewe unamfunga! Halafu kwa mashine hiyo hiyo unaingia HELB, eCitizen na barua pepe yako. Hiyo si bure, mazee. Bili tu ndiyo haijafika.

Kuna njia ya tatu, na hakuna anayekuambia. Inaitwa Linux.

Kabla useme "hiyo ni ya wadukuzi," toa simu yako mfukoni. Kama ni Android, kiini chake ni Linux. Umekuwa ukiitumia tangu siku ya kwanza ulifungua WhatsApp. Kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani zote zinaendeshwa na Linux. Aliyeianzisha mwaka 1991, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa chuo kule Helsinki, umri miaka 21. Msee wa rika lako. Na Ubuntu, mojawapo ya Linux zinazojulikana zaidi, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni la kwetu Wabantu: maana yake ni utu.

Programu huria maana yake ni kwamba msimbo uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwenzake. Hakuna leseni ya kununua, hakuna cha kuvunja. Kampuni moja haiwezi kuamka siku moja ikakufungia mlango, kwa sababu wengine wanaweza kuuchukua msimbo huo huo na kuendelea.

Sitakuuzia mbuzi kwa gunia. Photoshop na Premiere hazina toleo la Linux. Valorant haichezeki huko. Kama hizo ndizo kazi yako au raha yako, baki na Windows, ilipie, na usione haya. Lakini wengi wenu hapa kazi yenu ni kivinjari, filamu, na insha ya mwalimu. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, ingawa mpangilio ukiwa wa mbwembwe nyingi unaweza kuruka kidogo, kwa hivyo tuma PDF. Wa video kuna Kdenlive, wa kuchora kuna Krita, wa 3D kuna Blender. Zote bure, zote halali.

Kinachoniuma zaidi ni zile kozi za kompyuta pakeji tunazopelekwa baada ya KCSE. Wazazi wanalipa, mtoto anatoka na cheti cha kujua vitufe vya kampuni moja viko wapi. Hajawahi kuambiwa mfumo endeshi ni nini, au kwamba kuna zaidi ya mmoja. Huwezi kusema umechagua ugali kama hukuwahi kuonyeshwa sahani nyingine.

Kwa hivyo fanya hivi wikendi hii. Hifadhi mafaili yako mahali pengine. Tafuta flashi ya 8GB na Wi-Fi ya mtu, kwa sababu Linux Mint ni karibu 3GB na itakumalizia bando. Iandike kwenye flashi, washa mashine kupitia hiyo flashi, na uijaribu bila kugusa Windows yako hata kidogo. Angalia kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, kamera inawaka. Ikikukataa, chomoa flashi, washa tena, maisha yaendelee.

Lakini ikikubali, umeokoa elfu ishirini na kitu. Na siku ingine fundi akikuambia mashine imekufa, muulize: imekufa, ama imefukuzwa?