Mashabiki Same na hesabu ya usajili wa Simba

MJADALA wa usajili hauishi mjini Same. Mashabiki wa Simba bado wanabishana: je, uongozi ulikosea mwaka 2021 kuwauza kwa mpigo Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri?

Wakati huo Simba ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ligi Kuu Bara mara 4 mfululizo. Msimu uliofuata Yanga ikauchukua, na ikaushikilia hadi msimu wa 2024/25. Chama na Miquissone walirudi Msimbazi baadaye. Ubingwa haukurudi nao. Julai 2024 Chama akahamia Yanga, na kidonda kikatoneshwa.

Wanaoutetea uongozi wana hoja. Klabu huhitaji fedha, na mchezaji aliyepata ofa nono ni vigumu kumzuia. Lakini Yanga nayo iliondokewa na Fiston Mayele mwaka 2023, akaenda Pyramids ya Misri, na bado ikatetea taji. Kosa, basi, si kuuza. Kosa ni kung'oa nguzo mbili kabla ya kusimamisha nyingine.

Mabadiliko ya uendeshaji yaliyoanza mwaka 2017 yaliwatengea wanachama wa Simba asilimia 51 ya hisa, na mwekezaji asilimia 49. Mwanachama wa Same hachagui wachezaji, wala hapaswi. Ila mwenye nyumba ana haki ya kuuliza: anayeondoka, nafasi yake inazibwa na nani?