Kumwomba Mungu Kicheko

Tangu nimalize kusoma Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie kwa mara ya pili, kuna swali halinitoki kichwani: mbona nyumba inayoomba sana kuliko zote kwenye hicho kitabu ndiyo nyumba ambayo hakuna mtu anacheka?

Kama hujakisoma, nakuonya mapema, nitafichua mambo. Ni riwaya yake ya kwanza, ilitoka 2003. Anayesimulia ni Kambili, msichana wa miaka 15 wa Enugu, Nigeria. Baba yake, Eugene, ni tajiri na Mkatoliki wa viti vya mbele. Analipia watoto wa wenyewe karo, na gazeti lake linaikosoa serikali ya kijeshi wakati wengine wameogopa. Huko nje ni shujaa. Nyumbani anaomba dakika 20 kabla ya chakula, watoto wana ratiba ya kila kitu, na ukikosea unaumia. Siku moja anammwagia Kambili maji moto miguuni, na anamwaga huku akilia. Hapo kwa kulia ndipo nilipomalizwa. Huyu mzee anaamini kabisa kwamba anampenda mtoto wake.

Halafu Kambili na kaka yake Jaja wanaenda Nsukka kwa shangazi yao Ifeoma, dada ya Eugene, mhadhiri wa chuo kikuu. Huko nyumba ni ndogo, maji ni ya shida, petroli ni ya kuhesabu. Lakini binamu zao wanabishana na mama yao wazi wazi na hakuna anayechapwa kwa sababu ya kuwa na maoni. Shangazi akiomba, sala ni fupi, na anamwomba Mungu amani na kicheko. Kicheko! Kambili hakujua hiyo ni kitu mtu anaweza kuombea.

Kuna watu husema hiki kitabu kinapiga vita Ukristo. Mimi nakataa. Ifeoma ni Mkatoliki kama Eugene, na rozari ni ileile. Padre Amadi, anayecheza mpira na vijana wa mtaa, ni wa kanisa hilohilo. Hizi ni nyumba mbili za Mungu mmoja. Tofauti ni kama mtoto anaruhusiwa kufungua mdomo.

Na miujiza? Iko. Ifeoma anawapeleka watoto Aokpe, kijiji ambako watu wanasema Bikira Maria anatokea, na Kambili anaona kitu pale. Adichie hamcheki. Lakini ukiniuliza mimi, muujiza mkubwa ulishatokea kabla ya hapo, alfajiri, kwa veranda ya shangazi. Babu yao, Papa-Nnukwu, anafuata dini ya jadi, na kwa hiyo Eugene amemkataa, hadi wajukuu wanapewa dakika 15 tu za kumsalimia. Shangazi anamwamsha Kambili akamwone mzee akisali. Babu anachora mistari ya chaki sakafuni, anawaombea watoto wake, na anamwombea hata Eugene. Akimaliza, anatabasamu. Kambili anakumbuka kwamba kwao hakuna mtu hutabasamu baada ya rozari.

Hapo ilibidi nifunge kitabu kidogo, kwa sababu nimekulia nyumba inayokaribiana na hiyo. Buda hakuwahi kunichoma, nisimsingizie. Lakini gari lake likisikika kwa geti, TV inazimwa na kila mtu anatafuta kitu cha kushika. Kuuliza swali kulikuwa kukosa heshima, na kukosa heshima kulikuwa dhambi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilimaliza miezi minne bila kumwambia. Nilikuwa natoka asubuhi na begi kama kawaida. Usiku tunaomba pamoja, na "Amina" yangu ndiyo ilikuwa na sauti kubwa kuliko zote.

Ndiyo maana nasema nyumba ya hofu hulea waongo wenye adabu nzuri. Kitabuni kunakuwa kubaya zaidi: mama yao, aliyenyamaza miaka yote, mwishowe anamtilia mumewe sumu kwenye chai, na Jaja anakubali kufungwa kwa ajili yake. Mtu akikosa mahali pa kusema, atasema tu, lakini hutapenda njia atakayotumia.

Sisi Wakenya tunajua kujaza uwanja tukingoja kiwete asimame. Sina neno na hiyo. Lakini wazazi, kama mtoto wako hawezi kukwambia ameanguka mtihani, hilo ndilo la kuombea kwanza. Na sisi vijana, tusikimbilie kusema shida ni Mungu. Mara nyingi shida ni mtu aliyejiteua kuwa msemaji wake.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani. Buda akaanza kuombea chakula, akapitia nchi nzima, ugali ukapoa. Sista yangu mdogo, ana miaka tisa, akakata katikati: "Amina!" Wote tukaganda. Mathe akashika kijiko bila kupumua. Buda akafungua jicho moja, akaangalia ugali, akamwangalia mtoto. Halafu akacheka. Miaka yangu yote kwa hiyo meza, sijawahi kusikia hiyo sauti.

Tukala ugali baridi. Mathe aliniambia baadaye jikoni kwamba alikuwa amesahau buda hucheka hivyo.