Neno la Mhariri: Kiputo Kikilia, Nani Asikilize?

Mwaka 1917 Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alikokotoa jambo lililowasumbua mafundi wa meli: kwa nini rafadha za chuma huliwa na maji? Jibu lilikuwa kiputo. Kikibonyea ghafla, huzusha shinikizo kubwa mno mahali padogo.

Toleo hili linakifuata kiputo hicho hadi hospitalini. Mawimbi ya ultrasaundi yakielekezwa sehemu moja ya mwili, huvuta na kubana majimaji na viputo vilivyomo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kiputo kinachotanuka na kusinyaa kwa utulivu hutoa mlio wa masafa maalumu, hata wa nusu ya masafa ya wimbi linalokitikisa. Kinachobonyea kwa kishindo hutoa mvumo wa masafa mchanganyiko. Daktari anayefungua kwa muda kizuizi kati ya damu na ubongo ili dawa ipite huutaka mlio wa kwanza. Akiusikia wa pili, hupunguza nguvu. Anayesaga uvimbe wa ini, tiba iliyoruhusiwa Marekani Oktoba 2023, huutafuta huo wa pili.

Basi, ustadi uko katika kusikiliza, na hapo ndipo habari hii inapofika Chienge na Nchelenge, Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru, ambako malaria imekita mizizi. Mwaka 2014 Dmitri Lapotko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walitumia leza badala ya ultrasaundi ili kuitambua malaria hiyo kwa kusikiliza viputo. Mwanga wake hupasha moto hemozoini, fuwele anazoacha kimelea baada ya kula hemoglobini. Kiputo kidogo mno huzuka, hupasuka, na mlio wake hunaswa juu ya ngozi, bila kutoboa kidole.

Tunaipokea habari hiyo kwa furaha, lakini kwa sharti. Sauti haibagui rangi ya ngozi. Mwanga hubagua, kwa kuwa melanini, rangi ya ngozi, huumeza. Kifaa kilichorekebishwa kwa ngozi nyeupe kinaweza kumpotosha mganga wa Kashikishi, Nchelenge: akamtibu asiyeumwa, au akamrudisha nyumbani mtoto mwenye vimelea.

Kwa hiyo tunawaomba watafiti na wizara za afya, Zambia na ng'ambo ya pili ya ziwa, Pweto nchini Kongo: vifaa vya namna hii vijaribiwe kwa watu wa Mweru tangu vikiwa karakanani, si baada ya kukamilika. Anayehitaji kipimo awe wa kwanza kupimwa nacho.