Mbwa wa Kufungwa Halindi Nyumba

"Baba Naomi, yaani mbwa unampeleka baharini? Watoto wa watu hapa Same bahari hawajaiona!"

Nilitupiwa kauli hiyo stendi, mbele ya kadamnasi, wakati nampakia Popi kwenye pikapu. Watu wakacheka. Msemaji akanogewa, akaongeza ile hekima inayorithishwa kila nyumba yenye geti: "Mbwa ukimtembeza anazoea watu, anakuwa bwege. Mbwa afungwe mchana, afunguliwe usiku, ndipo anakuwa mkali." Vichwa vikatikiswa kukubali. Mimi nimechoka na hekima hii, na leo naisema.

Kwanza tumalize la watoto. Ni kweli watoto wa huyu bwana hawajaiona bahari, ila aliyewazuia si mbwa wangu. Kutoka Same hadi Tanga ni lami mwanzo mwisho: Makanya, Hedaru, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, na jioni unanawa maji ya chumvi. Baba yao nauli ya Moshi kufuatilia kesi ya mpaka wa shamba haimshindi kamwe. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wengine wetu tunajitahidi utani huo usife. Na shule nazo ziko hivyo hivyo. Michango ya mitihani ya majaribio haiishi, lakini safari moja ya kuwaonyesha watoto nchi yao inaitwa anasa.

Sasa mbwa. Pita mtaa wowote wenye kuta ndefu usome mageti: "Kuna Mbwa Mkali". Nyuma ya nyumba utakuta banda la mbao na bati, giza totoro, joto la Same likichoma kuanzia saa nne asubuhi, na sufuria la makande yaliyochacha. Mkali mwenyewe aliingizwa humo angali mdogo. Hajapata kumwona mzee mwenye mkongojo, mtu mwenye mwavuli wala mtoto anayekimbia. Akifunguliwa usiku anabwekea kila kitu: mwezi, paka, mfuko unaopeperuka. Wenye nyumba wameshazoea, wanageukia ukutani na kulala. Mwizi naye ameshazoea. Mlinzi anayepiga kelele saa zote hajamwambia mtu kitu.

Wanaochunguza tabia za mbwa walishalieleza hili tangu karne iliyopita: kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, mtoto wa mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kutisha. Akifungiwa wakati huo, hofu humkaa. Baada ya hapo anahitaji kuendelea kuonyeshwa dunia mpaka akomae. Mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma, na anaowauma ni mtoto wa jirani, mama muuza maziwa na fundi bomba. Akimwona jambazi mwenye panga, mbwa huyo hukimbia.

Ndiyo maana nilimpeleka Popi Pangani, na nikachagua masika makusudi. Msimu huo wageni hawapo, bei ya chumba inazungumzika, na ufuko ni mtupu. Kuna pia adabu: wenyeji wengi wa pwani ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba. Anayemwachia mbwa ufukoni sikukuu ya Idi anatafuta ugomvi, na akiupata asilalamike. Wapo waliosema maji yapo karibu tu, bwawa la Nyumba ya Mungu. Yapo, na ndiyo hayo hayo ya Mto Pangani, yanapita chini ya milima yetu yakielekea baharini. Lakini ufuko wa bwawa lile una wenyewe, mamba na viboko, na kwa mamba mbwa mdogo ni kitafunwa.

Tulifika maji yamekupwa. Popi akaweka mguu mmoja kwenye mchanga uliolowa, akauinua, akaunusa. Wimbi dogo likaja na povu lake. Akalibwekea kwa hasira zote, likarudi, akatembea kwa maringo kama aliyelifukuza yeye. La pili likamlowesha tumbo. La tatu hakulibwekea. Alikaa akalitazama likija na kwenda. Baadaye wakapita wavuvi wawili na wavu begani, nikawasalimu, naye akawanusa kwa mbali na kunyamaza. Nilimpa maji baridi ya galoni, maana mbwa akinywa ya bahari hutapika, tukaendelea na matembezi. Mbwa aliyejifunza kulinyamazia wimbi la tatu, siku akibweka usiku nitashika tochi na kutoka.

"Huo ni uzungu," wanasema. Uzungu! Wazee wetu milimani walikwenda na mbwa kuwinda, bila banda wala mnyororo, na mbwa hao walimjua jirani na walimjua nguruwe pori. Nani alikuwa Mzungu hapo?

Ubaya mkubwa zaidi wa kumfunga mbwa uko kwenye chanjo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Gari la matangazo linapita mtaani, daktari wa mifugo anasubiri chini ya mti. Nani haonekani? Mwenye mbwa mkali. Hathubutu kumshika! Anajifariji kwamba wake hatoki nje, hivyo hawezi kuugua. Waulize wa Hifadhi ya Mkomazi, hapo jirani. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000, ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia kwa mbwa mwitu waliokuwa wakizalishwa kwenye mabanda ya uzio, ukaua 49 kati ya 52. Uzio haukuuzuia, na bati lako halitauzuia ugonjwa wowote.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, lakini usiisubiri. Mbwa mdogo achanjwe akifikisha miezi mitatu na arudiwe kila mwaka. Atembezwe, ashikwe, azoeshwe watu. Na wewe mwenye bango, jipime kesho: mtoe mbwa wako kwa kamba, mpitishe kando ya watoto wanaotoka shule. Kama huwezi, badili maandishi ya getini, uandike kwamba mwenye nyumba hii anamwogopa mbwa wake mwenyewe.